Ya Wodini na ya Jikoni

Watu wa mtaa wetu wa Pasiansi waliotaka kuozesha walipitia kwanza dukani kwa Nesi. Hawakusema kuwa ndicho kilichowaleta. Walinunua vidonge vya kichwa, wakaulizia dawa ya minyoo, wakalalamikia joto, wakaegemea kaunta kama watu wasio na haraka. Hapo ndipo mmoja wao alipouliza, kwa sauti ya kupotezea, kama anaifahamu nyumba ile yenye bati jekundu karibu na mawe makubwa. Nesi alikunja karatasi ya vidonge taratibu, akawapa, akasema, "Ile nyumba? Sijui kitu, ndugu zangu. Wananisalimia, nawasalimia."

Kwetu kuchunguza ukoo si jambo la kuonea haya. Kabla mshenga hajafungua kinywa, upande wa mwanamume hutuma mtu mzima mwenye adabu kwenda kwa majirani kuuliza: wale watu wana kifafa? Wana wachawi? Wana wazimu? Upande wa mwanamke nao huuliza, ila kwa kificho zaidi. Na hapo mtaani hapakuwa na jirani aliyejua mengi kumzidi Nesi, kwa sababu alikuwa ametumikia wodi ya wagonjwa wa akili tangu ujana wake mpaka alipopunguzwa kazini. Koo nyingi za mji huu zilikuwa zimepita mikononi mwake.

Alisema sijui hata pale alipojua fika. Nilipata kumsikia akisema hajui lolote juu ya kijana ambaye asubuhi ile ile alikuwa amempa dawa zake, akamhimiza azimeze mbele yake, akampa na kikombe cha maji. Waulizaji waliondoka wameridhika, harusi ikafungwa, na mpaka leo wale wawili wanauza mbao pamoja na wana watoto wanne wenye kelele. Nesi alikwenda kwenye harusi ile, akala, akacheza ngoma kwa kutikisa mabega tu kama ilivyokuwa kawaida yake.

Nilimpenda kwa sababu ya sijui ile. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue kuwa sikuanza nikiwa adui yake.

Habari za kuzaliwa kwake sizifahamu, wala za wazazi wake. Nilijua tu kuwa ni Mkerewe na kwamba hakuipenda feri. Ni ajabu kidogo, kwa sababu hakuna mtu aliyeuliza habari za ukoo wa watu kumshinda yeye. Swali lake kubwa lilikuwa, "Nani mwingine?" Ukimwambia mtoto wako haongei vizuri, atakuuliza nani mwingine kwenu. Ukimwambia mumeo anakunywa, nani mwingine. Alikuwa amefundishwa hivyo na daktari mmoja wa zamani wa wodi yao, mzee aliyewalazimisha wauguzi wamuulize kila anayemleta mgonjwa habari za shangazi, wajomba na babu, mpaka watu wakadhani hospitali inatafuta mchawi. Lakini hakuna aliyewahi kumgeuzia Nesi swali lake. Alikuwa na namna ya kukutazama juu ya miwani iliyokufanya ujione wewe ndiye wa kujibu.

Alikuwa mfupi, mnene wa mikono, na alitembea kama mtu aliyesikia kengele. Alipoacha kazi hakuacha viatu vyeupe vya kitambaa. Alivisugua kwa sabuni kila Jumapili na kuvianika juu ya jiwe nyuma ya nyumba, na mbuzi wa jirani walivijua. Duka alilifungua katika chumba chake cha mbele wakati wa ruksa, pale kila mtu mwenye dirisha linalotazama barabara alipogeuka kuwa mfanyabiashara. Fundi rangi alimwandikia DUKA LA DAWA BARIDI, herufi zikaanza kubwa na kumalizika ndogo kwa kukosa nafasi ukutani. Hakutaka iandikwe upya.

Nyumba yake haikuwa na kufuli. "Milango nimefunga ya kutosha," alisema. Kuku waliingia, mbuzi waliingia, hata mvua iliingia. Mara moja mwizi naye aliingia, akachukua redio. Wiki iliyofuata bado palikuwa wazi. Lakini mtu huyo huyo asiyefunga mlango alikuwa mkali wa kutisha kwa mtu aliyechelewa kumeza dawa. Alikuwa mpole kwa wagonjwa na mkorofi kwa wazima. Sokoni Mirongo palikuwa na mzee mmoja aliyetembea amejifunga magunia, watoto wakimtupia maganda ya miwa. Nesi alisimama mbele yake, akakunja goti kidogo, akamwamkia, "Shikamoo, baba." Yule mzee akasimama wima, akaitikia, "Marahaba, mwanangu, hujambo?" kwa sauti ya mtu mwenye nyumba na ng'ombe. Watoto wakaacha. Nilikuwepo, na nilijisikia fahari kwamba huyu ni jirani yangu.

Alipenda sana mapanki. Viwanda vya minofu vilipoanza kupeleka nyama ya sangara Ulaya na kutuachia mifupa na vichwa, watu wenye kazi za ofisini walinunua mapanki kwa kuficha, wakiyafunika na mboga. Nesi aliyabeba mkononi wazi wazi, mikia ikining'inia. Aliyakaanga mpaka yakalia kama biskuti, akanyonya kichwa kwa utaratibu kuanzia macho. Alisema wazungu wamekula kitambaa, sisi tumebakiziwa vifungo, na vifungo ndivyo vitamu. Alicheka peke yake kwa maneno yake mwenyewe. Mimi nilicheka kwa sababu yeye alicheka.

Basi ndiye huyo aliyeingia nyumbani kwetu.

Kwetu tulikuwa na watu watatu wenye matatizo matatu, au ndivyo tulivyodhani. Wa kwanza alikuwa mjomba. Sangara walipoanza kuleta pesa, mjomba aliacha kulala. Aliuza ng'ombe akanunua injini ya mtumbwi, akauza injini akanunua shehena ya mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki ambavyo Wachina walivitaka, akaahidi kazi vijana wote wa mtaa, akamwambia mama ajiandae kuhamia ghorofani. Aliongea haraka mpaka mate yalimkauka pembeni mwa mdomo. Nani angemwita mgonjwa? Mwaka ule nusu ya mji ilikuwa inaongea vile. Wengine wakapata magari. Mjomba alipata madeni, kisha akaanguka, akakaa kimya msimu mzima, halafu akaanza tena. Tulimwita mfujaji.

Wa pili alikuwa mama mkubwa, dada yake mama, aliyekuwa na vipindi vya kulala akigeukia ukuta, haogi, hali, anajibu kwa kidole. Huyo tulisema ana presha. Wa tatu alikuwa kaka yangu, niliyemfuata kwa kuzaliwa, kijana mpole aliyekuwa hodari wa hesabu, ambaye siku moja alianza kujibizana na mtu aliye darini. Huyo tulisema malaria ilimpanda kichwani. Mama alimpeleka kwa waganga wawili, mmoja akasema ni jini, mwingine akasema ni shangazi amemroga.

Nesi alikuja kwa miguu yake mwenyewe, baada ya kumsikia kaka akipiga kelele. Hakuwa na sare tena, hakutumwa na mtu. Alimpeleka kwa daktari mmoja aliyefahamiana naye, wakarudi na dawa siku hiyo hiyo, na tangu hapo alimsimamia yeye. Kaka yangu hakulazwa wodini hata mara moja, na nitaeleza baadaye kwa nini nalitaja hili. Baada ya wiki kadhaa sauti zikapungua. Kaka alianza tena kuchota maji na kuniuliza shule kulikuwaje. Mama alimpelekea Nesi jogoo, na Nesi akamfuga badala ya kumchinja; jogoo huyo ndiye aliyekuwa akituamsha.

Nilikuwa nimetoka tu chuo cha ualimu Butimba wakati huo, nafundisha darasa la tatu. Jioni nilikuwa nikienda kumsaidia Nesi kuchambua dagaa au kupanga maboksi, kisha tunakaa jikoni kwake, jiko la mkaa katikati yetu. Ndipo aliponiuliza.

"Kwenu nani mwingine?"

"Hakuna, Nesi. Ni malaria tu."

"Malaria haikai mwaka mzima inaongea darini, binti yangu. Nani mwingine?"

Nikamwambia habari za mama mkubwa, kama jambo la pembeni. Kisha, kwa kicheko, za mjomba na ghorofa lake. Hakucheka. Aliweka kisu chini.

"Babu yenu, baba wa mama yako, alikuwa na pua ile pana?" aliuliza.

"Ndiyo. Mama anayo, na mjomba."

"Na wewe unayo, ila kwako imekaa vizuri. Pua ni moja, nyuso ndizo mbalimbali. Na maradhi haya ni vivyo hivyo. Kinachotembea kwenye damu yenu si wazimu. Ni udhaifu fulani. Kwa huyu unatoka sauti, kwa yule unatoka mbio, kwa mwingine unatoka kitanda. Sisi ndio tunaotoa majina matatu ili tujue dawa ipi apewe nani. Damu haijui majina yetu."

Nikamuuliza kama basi sote tumeshakwisha.

"Nani amesema mmekwisha? Kwa walio wengi hautoki kabisa. Mnazaliwa saba, unatoka kwa mmoja, au hautoki. Na huyo aliyeupata anaweza kuishi vizuri, mradi ajulikane. Mama yako si mchawi. Shangazi yako si mchawi. Hilo tu nataka ulijue."

Sijui kama naweza kueleza nafuu niliyoipata. Kwa miaka mama alikuwa amehesabu makosa yake, nani alimkosea, sadaka gani hakuitoa. Shangazi alikuwa hakanyagi kwetu kwa sababu ya yule mganga wa pili. Nesi alizichukua huzuni zetu tatu zilizokuwa zimetupwa huku na huku akazifunga kamba moja, na nikaona kuwa hazina mtu wa kulaumiwa. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama. Mama alilia, kisha akaenda kumwomba shangazi radhi.

Ndiyo maana nilimwambia na ya kwangu. Mwaka wangu wa mwisho chuoni nilikuwa nimepitia majuma ambayo sikuweza kuinuka. Niliwadanganya wenzangu kuwa ni tumbo. Nilikuwa nikitazama soli za viatu vyangu chini ya kitanda na sikuona sababu ya miguu kuingia humo. Hakuna aliyejua, hata mama. Nilimwambia Nesi pale jikoni, na yeye akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vyake vyenye harufu ya dagaa, akasema, "Umefanya vizuri kuniambia. Ikirudi, uje kabla haijakulaza." Jioni hiyo naye akanieleza jambo lake. Alikuwa na binti mmoja tu. Watu waliambiwa anafanya biashara Kampala. Hakuwa Kampala, alikuwa Ukerewe kwa ndugu zake, haachwi peke yake, tangu alipojifungua mtoto ambaye Nesi alikuwa akimlea. Alisema hayo akitazama makaa. Nilihisi nimepewa kitu cha kutunza, nikakitunza.

Ukiniuliza hasira yangu imekaa wapi, imekaa jikoni pale.

Mchumba wangu alikuwa fundi wa vyumba vya barafu katika kiwanda kimojawapo cha minofu. Alikuwa na mikono baridi na utani mwingi. Baba yake alikwisha kufariki. Mama yake aliuza vitenge Mirongo, mwanamke nadhifu, mwenye kuongea taratibu, kila neno akilipima. Tulielewana. Nilikuwa nimeshaanza kujua chai yake anainywa vipi. Siku waliyosema wanatuma mtu kuuliza habari zetu sikuwa na wasiwasi. Mjomba mfujaji, nani hana. Mama mkubwa ana presha. Kaka aliumwa malaria, sasa anachota maji. Vipande vitatu visivyohusiana, hakuna mtu ambaye angeviunganisha. Na aliyeweza kuviunganisha alikuwa ni mtu wa sijui.

Mama mkwe wangu hakutuma mtu. Alikwenda dukani kwa Nesi yeye mwenyewe.

Mchumba wangu alinifuata shuleni wakati wa kutoka. Alisimama mbali kidogo na geti, kofia mkononi.

"Mama amekataa," alisema.

"Amekataa nini?"

"Amesikia kwenu mko watatu mna ugonjwa mmoja. Mjomba, mama mkubwa na kaka." Aligeuza kofia mkononi. "Na wewe wa nne. Kwamba ulilala chuoni, hukuamka."

Niliuliza kasikia kwa nani, na wakati nauliza nilikuwa najua. Kuna maneno ambayo yalikuwa yametoka kinywani mwangu mara moja tu, mahali pamoja tu.

"Kwa Nesi," alisema. "Mama amelia usiku kucha. Siwezi kumvuka."

Nilikwenda dukani moja kwa moja na mfuko wangu wa daftari za watoto. Nikaomba vidonge vya kichwa. Akanikunjia karatasi.

"Nesi, ulisema?"

"Niliulizwa, nikajibu."

"Wewe? Uliyewasemea sijui watu wote hawa?"

Alipanga chupa za dawa ya kikohozi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. "Meza na maji mengi, Mwalimu," alisema. Na tangu siku hiyo sikuwa tena binti yake, nikawa Mwalimu.

Nilisalitiwa, na sina neno la upole zaidi. Nimejaribu mengine na hayatoshi. Angenipiga kofi hadharani, ningevumilia. Alichofanya ni kunifundisha jina la kitu kinachotuumiza, akanifariji kwalo, kisha akalitoa nje likatumika kunikatia. Maarifa yale yale. Kwangu aliyasema kama jambo linaloweza kutokea au lisitokee. Kule Mirongo yalifika kama hukumu. Na jambo lililonichoma zaidi ni hili: alikuwa amewaficha watu wasiomhusu, watu waliomnunulia vidonge wasivyovihitaji, na mimi niliyemchambulia dagaa akanitoa.

Tuliendelea kuwa majirani. Mtu akikukosea huwezi kuhamisha mawe ya Pasiansi. Asubuhi nilipita mbele ya duka nikasema shikamoo, naye akasema marahaba, na neno likaanguka katikati pale kama kopo tupu. Aliendelea kumpa kaka dawa zake, na kaka aliendelea kumpenda. Mama naye alimsamehe mapema. Mama alisema Nesi lazima alikuwa na sababu. Mimi nilikuwa na majibu yangu: kwamba alinionea wivu kwa sababu ya binti yake, kwamba alizeeka ulimi, kwamba alihongwa kitenge. Niliyajaribu yote na kila moja lilinitosha kwa muda.

Lakini katikati ya hasira yangu nilimwamini. Hilo ndilo baya. Nilijua hasemi ovyo mambo ya ugonjwa, kwa hiyo kama alivunja sijui yake kwa ajili yangu peke yangu, basi damu yetu lazima ilikuwa mbaya kuliko ya wengine wote. Mwalimu mwenzangu, mwanamume mjane kutoka Magu, mtu wa maneno machache aliyekuwa akinibebea ndoo ya chaki, alianza kuniambia habari za kutuma mshenga. Nilimkataa kabla hajamaliza. Nilimwambia nimeamua kukaa na kaka yangu. Aliendelea kunibebea ile ndoo mpaka alipohamishwa.

Miaka ikaenda hivyo. Magugu maji yaliziba ziwa, yakaondoka, yakarudi. Mjomba akazama mara nyingine na kuibuka. Mchumba wangu akaoa mwanamke wa Geita. Nesi akaanza kuvuta mguu mmoja, viatu vyeupe vikachakaa upande, na mjukuu aliyekuwa akimlea akawa msichana mrefu anayecheka kwa kufunika mdomo. Dukani sasa aliuza huyo mjukuu. Nesi alikaa ndani kwenye kigoda, akisahihisha bei kwa sauti.

Mwezi uliopita alimtuma mjukuu aniite. Sikuwa nimekanyaga jikoni mle tangu siku ile ya kofia mkononi. Jiko la mkaa lilikuwa lile lile. Nilisema shikamoo, akaitikia, akanionyesha kigoda, akasubiri msichana atoke.

"Amepata mtu," alisema. "Kijana wa Shinyanga, anafanya kazi reli. Jumamosi watakuja watu wa upande wake kuuliza."

"Hongera."

"Watakuja kwako, Mwalimu. Wewe ndiye jirani wa karibu, na mwalimu wanamheshimu. Watauliza habari za mama yake." Alinyoosha mguu kwa mkono. "Nakuomba useme hujui."

Nilidhani nitacheka, lakini sauti iliyotoka haikuwa kicheko.

"Nesi, mimi ulinisemea nini?"

"Nilisema kweli."

"Kwa nini mimi? Watu wote wale, kwa nini mimi?"

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga, akairudisha.

"Yule mama alipokuja dukani, haikuwa mara yangu ya kwanza kumwona."

"Ulimwona wapi?"

"Ya wodini siyasemi."

Alinitazama juu ya miwani, na nikaelewa. Yule mama nadhifu wa vitenge, mwenye kupima kila neno, alikuwa amewahi kulala katika wodi ya Nesi. Alikuja kuuliza kama kwetu kuna wazimu, na huyo aliyekuwa akimuuliza ndiye aliyewahi kumtandikia shuka.

"Alikuwa anatetemeka," Nesi alisema. "Hakuwa anakuchunguza kwa kiburi. Aliogopa. Nami niliona nyumba mbili zenye kitu kimoja, na watoto watakaotoka pande zote mbili. Niliwaogopea watoto wako."

"Ungeniambia mimi. Ningejua, ningechagua mwenyewe."

"Kukuambia wewe kungekuwa kumtaja yeye."

"Kwa hiyo ukanitaja mimi."

"Wewe hukuwa mgonjwa wangu," alisema, bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza taratibu za kazi. "Kaka yako hakulazwa. Hakuna wa kwenu aliyelazwa. Uliniambia hapa."

Miaka yote nilikuwa nimetafuta sababu, na sababu ilikuwa hiyo. Ningelazwa, ningekuwa salama. Ningefungiwa mlango, nikaandikiwa kitanda, midomo yake isingefunguka hata kwa fimbo. Nilikuwa nimedhani kuwa rafiki yake ni zaidi ya kuwa mgonjwa wake. Kumbe kwake ilikuwa pungufu. Na wakati mimi namkataa yule mjane wa Magu kwa sababu ya damu yangu mbaya, ndani ya nyumba iliyonikataa mlikuwa na damu ile ile, na mtu mmoja tu alilijua hilo, na alikuwa akiniitikia shikamoo kila asubuhi.

"Na habari za binti yako," nikamuuliza, "uliniambia wapi?"

Macho yake yalizunguka kwenye sufuria, kwenye jiko, kwenye kigoda nilichokalia. Nilimwona akifika mahali nilipokuwa nimemtangulia.

"Hapa," alisema kwa sauti ndogo. "Jikoni."

Niliondoka bila kumwahidi kitu.

Jumamosi walikuja wawili, mzee mwenye koti la kazi za reli na mama mwenye kitenge kipya. Niliwakaribisha, nikawapikia chai. Walisifu upepo wa ziwa, wakasifu mawe, wakashangaa watu wanavyojenga juu yake. Kaka alipita akawaamkia vizuri. Uani, upande wa pili wa ua wa minyaa, nilimwona Nesi amekaa juu ya jiwe lake la kuanikia viatu, mgongo ametugeuzia.

"Mwalimu," yule mama alisema, akikoroga chai, "hawa jirani zako, upande wa mama yake binti, wako salama? Hakuna maradhi maradhi?"

Nilikuwa nimelala siku kadhaa na maneno mawili tayari. Moja lilikuwa la kweli, na kwa kanuni yake mwenyewe nilikuwa na haki nalo. Kisha nikamsikia yule msichana dukani akicheka na mteja, amefunika mdomo bila shaka.

"Sijui," nikasema. "Wananisalimia, nawasalimia."

Yule mama akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaomba sukari kidogo. Mzee akauliza kama dagaa wa huku wanapatikana kwa jumla. Jambo likawa limekwisha. Chai haikuwa imepoa. Nilikaa pale nikiwaeleza habari za dagaa, huku nikihisi kitu kikubwa kinanishuka kifuani, si nafuu, maana miaka yote nilikuwa nimedhani kuwa neno lile la sijui, kulisema kwa ajili yangu, lilikuwa zito kuliko nguvu za Nesi.

Walipoondoka Nesi alisimama akaja mpaka kwenye ua, akivuta mguu.

"Umesemaje?"

"Nimesema lile lako."

Alishika tawi la mnyaa. Macho yake yalikuwa mekundu. "Asante, binti yangu," alisema.

"Nesi," nikamwambia, "nimelisema, sasa najua. Si zito."

Nilikusanya vikombe, nikaingia ndani kumpa kaka yangu dawa zake.